Karanga za Mti Zimeanza Kuanguka, Mama

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea tu, maana najua hakuna wa kuniitikia. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la nje. Ni saa nne asubuhi na mtaa wetu wa Malangali umepoa, watu wako mashambani wanang'oa maharage. Jana upepo ulivuma kutwa nzima, kwa hiyo leo uwanja wa nyuma umejaa karanga za mti. Nimeokota nusu, nusu nimeziacha zilipo. Mgongo hauniumi. Nimechoka kuinama na kuinuka bila mtu wa kunisemesha, ndipo nikaingia ndani kuchukua karatasi.

Unaikumbuka asubuhi yangu ya kwanza hapa? Mwanao Deusi alikuwa amenileta jana yake jioni, kwenye lori la shirika alilokuwa akiliendesha. Mimi nilikuwa msichana wa Kisukuma niliyekulia bondeni nyuma ya ng'ombe wa baba, na Deusi alikuwa akishuka huko kupeleka mbolea. Nilikuwa nauza maziwa kando ya barabara. Alinunua kila aliposhuka, msimu mzima, kumbe maziwa yanamsumbua tumbo na akifika kwenye kona ya kwanza anayamwaga. Aliponisimulia hilo nilicheka sana, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichonioza. Wewe hukucheka tulipofika. Ulitazama shanga zangu, ukatazama miguu yangu, ukamwuliza Deusi kwa Kifipa maneno ambayo sikuyaelewa, naye akainamisha kichwa.

Kesho yake niliamka kabla yenu ili nionekane mkwe mwenye bidii. Nikachukua mtungi wako, nikaenda bombani, nikarudi nao kichwani umejaa. Baridi ya Sumbawanga sikuwa nimeizoea, nyayo zilikuwa zimekufa ganzi. Nikakatiza uwanja wa nyuma. Ghafla nikakanyaga vitu vya mviringo kama goroli, mguu mmoja ukaenda huku na mwingine kule, na mtungi ukapasuka. Ulitoka umejifunika blanketi, ukanikuta nimekaa chini nimelowa chapachapa. Ukaniambia maneno yako ya kwanza ya Kiswahili kwangu:

"Kwenu hamfundishwi kutazama chini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Kwetu miti haimwagi mawe, Mama."

Nilidhani nimejiharibia. Uliingia ndani, ukarudi na ndoo. "Basi anza kuyaokota hayo mawe."

Mti wenyewe ulikuwa umeutoa kwenye kitalu cha masista, wakati ule ukiwafulia nguo. Walikuambia unaitwa mmakadamia. Wewe ukauita mti wa karanga, na mtaa mzima ukafuata. Ulikaa miaka kumi na moja bila kutoa kitu, majirani wakakushauri uukate uwe kuni, ukakataa. Ulipoanza kuzaa haukujua kuacha. Kuanzia mvua zinapokaribia kukatika hadi katikati ya kipupwe, kila siku zilikuwa zinadondoka. Zilidondoka kwenye bati la jikoni, zikadondoka kwenye sufuria iliyoachwa wazi, na siku moja ikamdondokea katekista kwenye upara akiwa anatusomea sala. Alijipapasa, akaendelea na sala. Wewe na mimi hatukuweza kutazamana mpaka alipoondoka. Nadhani siku ile ndiyo tulicheka pamoja kwa mara ya kwanza.

Ulinifundisha kazi bila maelezo mengi. Karanga huokotwa asubuhi, umande ukiwa bado upo, maana jua likipanda ganda la nje linanywea na panya wanawahi. Usiache hata moja, iliyoachwa huita panya, na panya huita nyoka. Kumenya ganda la kijani siku hiyohiyo, kuanika kivulini, kisha kupandisha kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni. Kila baada ya siku chache ulikuwa unachukua moja, unaitikisa sikioni. Ukisikia kiini kinagonga ndani, unasema, "Hii imeiva maneno." Kupasua ndiyo ilikuwa vita. Ukiipiga vibaya inaruka mpaka kwa jirani. Deusi akaleta nati kubwa ya gurudumu la lori, tukawa tunaiweka karanga kwenye tundu la ile nati ili isikimbie. Mmoja anaweka, mwingine anapiga kwa jiwe. Kwa miezi ya mwanzo ulikuwa unapiga wewe na mimi naweka vidole vyangu pale, na sikuwa na uhakika na nia yako.

Nisamehe kwa kulisema hilo. Ni kweli nilikuogopa.

Nakumbuka siku uoga ule ulipoisha, maana hofu nayo huisha siku fulani kama ugonjwa. Mimba yangu ya pili ilikuwa imeharibika kama ya kwanza. Nilirudi kutoka hospitali, nikalala siku tatu nimegeukia ukuta. Deusi alikuwa safarini. Wifi yangu Adela, binti yako, alikuja kutoka Chala kunipa pole, akakaa nawe nje, chini ya dirisha langu, akadhani nimelala. Nikamsikia akisema, "Mama, huyu mwanamke hazai. Mwambie Deusi mapema."

Ulikuwa unapasua karanga. Nilisikia jiwe lako likisimama.

"Adela," ulisema, "mti huu nimeungoja miaka kumi na moja. Binti wa watu nishindwe kumngoja?"

Halafu ukaingia chumbani kwangu na bakuli la viini vilivyokaangwa na chumvi. Hukuniambia nisilie. Ulikaa kitandani ukawa unaniwekea kimoja kimoja mdomoni, kama mtoto. Nilikuita Mayu siku hiyo, yaani mama kwa lugha ya kwetu, na wewe hukuuliza maana yake. Mtoto sikuja kumpata, Mama, unajua. Lakini tangu siku ile hukuniruhusu tena kuweka vidole vyangu kwenye nati. Ulisema kupiga ni kazi ya mwenye nguvu, na mwenye nguvu sasa ni mimi.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sokoni vitu vikamwagika: sabuni za kila rangi, redio, mitumba ya kuchagua hadi uchoke. Tulifurahi. Ulijinunulia sweta la bluu lenye vifungo vikubwa ukalivaa kanisani Jumapili nne mfululizo. Hatukujua kwamba milango iliyofunguliwa huku itafungwa kwingine. Mbolea ikapanda, wakulima wakapunguza kununua, na shirika la Deusi likaanza kupunguza madereva. Siku aliyopewa barua alirudi kwa miguu. Sisi tulizoea kumsikia kwa lori tangu liko mbali. Alitukuta uwanjani tunaokota, akachuchumaa, akaanza kuokota nasi. Mimi sikuuliza. Wewe ulimwuliza tu, "Lori wamelichukua?" Akasema, "Wamelichukua, Mama."

Alianza biashara ya maharage. Anayapeleka Kasanga, anavuka nayo ziwa kwa boti hadi Zambia, anarudi na sukari na vitenge. Mwanzoni alikaa wiki mbili. Ikawa mwezi. Ikawa miezi mitatu. Alipokuja alikuwa mchangamfu kupita kiasi, ana zawadi kwa kila mtu, na usiposema naye alikuwa anatazama barabara. Mara ya mwisho alituletea samaki wa ziwani, migebuka mikavu, kikapu kizima, akakupa wewe kitenge na mimi sufuria. Asubuhi akaaga kama kawaida. Mwaka ukapita. Mwanamke mmoja wa Kasanga anayeuza dagaa sokoni ndiye aliyeniambia, huku akipanga mafungu yake bila kunitazama: "Dada, mumeo yuko Mpulungu, upande wa Zambia. Ana nyumba huko. Na mke."

Nilikuja kukuambia nikiwa nimefunga nguo zangu kwenye kanga. Nilisema, "Mama, naomba ruhusa nirudi kwa baba." Ulikuwa unaanika karanga. Ulisema, "Nenda. Hakuna wa kukulaumu." Nikafika kwenye uzio. Nikageuka nikakuona unapapasa chini, karanga iko mbele ya kidole chako kabisa na huioni. Niliweka mzigo chini, nikaja, nikakuwekea mkononi.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mvua za mwaka jana. La kulia limezimika. La kushoto naona kama moshi."

Nilifungua ule mzigo, nikatundika nguo zangu pale zilipokuwa. Hatukuzungumza tena habari za kuondoka.

Miaka sita tulikaa wawili. Watu walinihurumia, nami sikuwa na nafasi ya kuwaeleza kwamba baadhi ya siku zangu bora zilikuwa hizo. Ulijifunza kutafuta karanga kwa nyayo. Ulivua viatu hata kwenye baridi ya Juni, unatembea polepole kama anayekanyaga mayai, ukigusa moja unacheka, unainama. Nilikuwa nakufuata na ndoo. Ulinisimulia ujana wako, ulivyokuwa unalima matuta mlimani na kupanda ulezi, na mchumba uliyemkataa kwa sababu alikuwa anakoroma kwenye misa. Mimi nikakusimulia ng'ombe wa baba, mmoja mmoja kwa jina na rangi, na wewe ukayashika majina yote. Jioni nilikuwa natwanga viini kwenye kinu, tunaungia majani ya maboga, tunakula na ugali wa ulezi. Maganda tunatia kwenye jiko, yanawaka kuliko mkaa, na wewe unasogeza miguu.

Kuna jambo sikukuambia. Msimu ulipokuwa unaisha, ulikuwa unatoka asubuhi, unazunguka uwanja mzima kwa nyayo zako na hupati kitu. Unarudi ndani, unakaa kimya kutwa. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza kuamka mapema, nachota karanga kwenye gunia la akiba, namwaga chini ya mti, kisha nakuamsha. "Mama, zimeanguka." Nilifanya hivyo misimu miwili. Nilijiona mjanja. Mpaka asubuhi moja ulipookota moja, ukaigeuzageuza, ukaitikisa sikioni, ukasema:

"Kabula, mti wetu siku hizi unazaa zilizomenywa na kukaushwa kabisa."

Nikashusha ndoo chini.

"Na ungekuwa unanimwagia kidogo kidogo," uliendelea, "gunia lingefika hadi mwisho wa mwaka." Ukaitupa kwenye ndoo, ukaendelea kutafuta.

Uliugua kipindi cha mvua. Sitaandika sana habari hizo, ulikuwepo. Nilikuosha mwenyewe, wanawake wa jumuiya wakanisaidia kukuvisha sweta la bluu. Adela alipelekewa habari akafika siku ya maziko, udongo ukiwa umeshawekwa. Alilia kwa sauti kubwa, akakataa kushikwa. Deusi nilimtumia ujumbe kwa watu wa boti. Sikujua kama utafika.

Haukupita mwezi, Adela akarudi, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na mfanyabiashara mwenye futi mkononi. Walipima uwanja mzima nikiwa nimesimama na ufagio. Yule bwana akagonga shina la mti kwa kiganja, akasema, "Huu unatoka, hapa zinakaa fremu nne za maduka." Nikamwuliza Adela, "Wifi, na mimi?" Akasema bila ukali, kama mtu aliyechoka, "Wewe umeachwa, huna mtoto. Unakaa hapa kama nani?"

Swali hilo lilinilaza macho wazi. Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ladislaus, akaitisha kikao hapahapa uwanjani. Adela akasema yake. Mimi nilisimama nikasema jina langu, nikasema miaka niliyokaa, nikashindwa kuendelea. Balozi akawa anakuna kidevu. Ndipo tukasikia mtu anabisha hodi kwenye uzio.

Alikuwa Deusi.

Amekonda, Mama. Nywele zimeingia mvi pembeni, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba. Alikaa kwenye kigogo, akasikiliza wote, mkono wake unachezea karanga moja kuukuu aliyoiokota chini. Balozi akamwuliza, "Wewe ndiye mtoto wa kiume. Unasemaje?"

Alimgeukia dada yake. "Adela, mama alipokuwa haoni, nani alimtembeza?"

Adela akautazama mti.

"Nani alimwosha?"

Deusi akaiweka ile karanga chini.

"Mimi sikuwepo. Wewe hukuwepo. Sasa mimi na wewe tunagawana nini hapa?" Akamwambia balozi, "Andika, mzee. Nyumba na uwanja ni vya Kabula. Mimi natia sahihi." Na akatia. Adela alikaa akitazama chini, kisha naye akaiomba kalamu.

Watu walinipigia vigelegele. Majirani walinikumbatia. Sasa nikuambie kile ambacho hawakukiona. Nilikuwa nasikiliza maneno ya mwanao huku moyo wangu uko mbali na nyumba. Nilikuwa nafikiri: amerudi. Nilimpikia ugali wa ulezi. Nilitoa shati lake la zamani kwenye sanduku, nikalipiga pasi. Siku mbili alikaa, alipiga misumari bati lililolegea, alikwenda kaburini kwako akakaa huko mpaka mchana. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta uwanjani amevaa viatu.

"Unaondoka?"

"Kule nina watoto watatu, Kabula."

"Nimesikia."

"Nisamehe."

Nilitaka kumwambia mambo mengi, nimeyapanga kwa miaka. Badala yake niliingia jikoni, nikapanda kwenye uchaga, nikachota karanga zilizobaki za msimu wako wa mwisho, nikamfungia kwenye mfuko. Nikamwambia, "Wape watoto. Waambie ni za bibi yao, na wawe waangalifu na vidole." Alipokea kwa mikono miwili. Alilia, Mama. Mimi sikulia mpaka basi lilipoondoka, na nilipoanza nililia kama nimefiwa upya, maana sasa nilikuwa na nyumba yenye hati ya balozi na hakuna hata mtu mmoja wa kuingia na kuniambia, "Nimekuja."

Huu ni msimu wa pili tangu uondoke. Msimu wa kwanza niliziacha zikaoza. Panya walinenepa, jirani akalalamika, nikafagia zote nikachoma. Mwaka huu nimeanza kuokota tena. Siku hizi wanunuzi wanapita mtaani kuziulizia, nami huwauzia kidogo, lakini naongea nao wakiwa wima langoni, wanaondoka. Mezani nakaa peke yangu. Wakati mwingine naweka sahani mbili, nagundua, narudisha moja kabatini.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilisikia hatua uwanjani. Nikatoka. Alikuwa Adela, amekuja na ndoo yake mwenyewe kutoka Chala. Tulisalimiana. Alikunja kitenge, akainama, akaanza kuokota. Nami nikaokota upande wangu. Tulimaliza uwanja mzima hivyo, kila mtu na ndoo yake, tukakaa kumenya. Mikono yake, Mama, ni yako. Namna ya kugeuza ganda kwa dole gumba ni yako kabisa, nikawa natazama vidole vyake nisimtazame usoni.

Baadaye sana akauliza, bila kuinua kichwa, "Wifi. Mama aliniulizia? Mwishoni pale?"

Nikamwambia, "Alikuita kila siku."

Akaweka karanga chini, akafunika uso na kitenge. Nikamwacha alie, nikasogeza ndoo yangu karibu na yake.

Sikumdanganya. Wiki zako tatu za mwisho, homa ilipokuwa kali, ulikuwa unaniita Adela. Nilipokunywesha uji uliniita Adela. Nilipokugeuza kitandani ulinishika mkono ukasema, "Adela mwanangu, umekuja." Nami kila mara niliitika, "Abee, Mama, nimekuja." Jina langu hukulitaja tena hata mara moja. Hilo sikumwambia yeye, nimekuambia wewe.

Lala salama, Mayu.

Mkweo,
Kabula